Punda wa Umazi

Mwalimu Chivatsi alizipanda ngazi zangu Jumanne,
akihema, juu ya duka la marikani,
akaweka karatasi juu ya cherehani:
simba, tai, mwenge, kitabu,
na utepe chini wa maneno mazito.
"Beji mia tatu na arubaini," akasema,
"kabla shule haijafunguliwa."

Nimedarizi nembo miaka ishirini na mitatu.
Nijualo ni la uzi.
Dhahabu na fedha ni ndugu wasiosalimiana,
lazima buluu au nyekundu ikae kati yao
ndipo aliye ng'ambo ya barabara aone kitu.
Simba akisimama kwa miguu ya nyuma, kucha nje,
huyo yuko vitani.
Akitembea, uso kaugeuza kwako,
huyo ni mlinzi, na amekwisha kukuona.
Akilala ni kwamba amemchoka mfalme wake.
Ufunguo hupewa mwenye mji.
Mnara huchukuliwa na aliyeuteka.
Haya nilifunzwa na Bwana Taherali,
aliyedarizi kofia za manahodha na makoti ya mabenki,
akanambia, sindano mdomoni:
"Kila nembo ni uongo wenye heshima.
Kazi yako, binti, usifumuke."

Nikamuuliza mwalimu: simba huyu mmemwona wapi?
Akacheka, akanitupia shilingi kumi.
Upande mmoja simba wawili, mikuki, ngao,
jogoo na shoka lake;
nikageuza, simba wa tatu.
Simba watatu
kwa mhamri mmoja.

Alipoikunjua karatasi yake vizuri
ikaanguka nyingine, ya daftari la hesabu.
Punda. Mkokoteni. Madumu sita ya njano.
Chini, kwa penseli: *Umazi, darasa la sita.*

"Ah, hiyo," mwalimu akasema.
"Tuliwaachia watoto washindane.
Wenziwe wakampigia kura huyu.
Kamati ikakataa. Punda!
Siku ya michezo tutachekwa hadi Likoni.
Na fadhila za punda wazijua."

Nazijua.
Najua pia mifereji ya Kisauni,
inayokohoa hewa tangu mwezi wa Shaabani,
na shule ambayo punda asipofika saa moja
vyoo hufungwa, watoto hurudishwa makwao.
Sikio la kushoto la punda yule lilichanika.
Mtoto kauchora mpasuko.
Katika simba wote niliowahi kuletewa,
hakuna hata mmoja aliyekuwa na kovu.

Usiku ule nilijaribu.
Nilimchora punda kama wachorwavyo wakubwa,
wima, miguu ya mbele hewani, ulimi nje.
Madumu yakamwagika.
Nikafuta. Nikamwinua kidogo tu, mguu mmoja.
Madumu yakamwagika.

Basi nikashona simba mia tatu na arubaini.
Nina kodi, nina mtoto chuoni.
Na ya mia tatu na arubaini na moja nikaishona kwa mkono:
uwanja wa buluu, punda mweusi,
miguu minne chini, sikio lake lile lile,
utepe mtupu, kwa kuwa mtoto hakuandika neno.
Nikaitia bahashani, nikaandika jina.

Mwezi wa pili nilikwenda kudai salio.
Gwaride lilikuwa limepangwa uani,
simba kifuani kwa kila mtoto, kila simba vitani,
jua likiwapiga.
Nikamtafuta Umazi kwa macho. Sikumjua ni yupi.

Nyuma, karibu na tangi,
mkokoteni ulikuwa ukishushwa.
Na kwenye ukanda wa kifuani mwa punda,
kwa mishono ya mtoto, mirefu, isiyolingana,
uzi wa mshipi wa kuvulia,
nembo yangu.
Imeshapata tope.

Nzi alitua kwenye sikio lililochanika.
Punda akalitikisa, mara moja,
akaendelea kungoja dumu la mwisho.